Udongo wa Paani kwa Bibi Sara

Kintinku, Jumatatu, 3 Novemba 1997

Daftari la mradi ni la kijani na lina mhuri wa chuo. Humo mimi naandika vipimo, na Hezekia anaandika wanayosema wazee. Hili la mistari nimelinunua dukani hapa stesheni na hakuna mfadhili atakayelisoma. Humu nitasema mambo yalivyo, na mimi sina maneno matamu.

Tulishuka jana kwenye treni tukiwa na vumbi hadi kwenye meno. Hezekia ni mwanahistoria, mimi ni mhadhiri msaidizi wa usanifu wa majengo, na mwenzetu wa tatu ni mtaalamu wa udongo ambaye amebaki Dar es Salaam akisubiri tumpelekee sampuli. Barua yetu ya utambulisho inasema sisi ni timu ya taaluma mbalimbali inayochunguza historia na nadharia ya makazi ya tembe katika Tanzania ya kati. Mwenye nyumba ya wageni aliisoma barua hiyo mara mbili, kisha akauliza kama tunagawa mahindi.

Tembe tuliyoifuata ni ya Bibi Sara, mjane wa miaka sabini na kitu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka stesheni. Tangu Itigi hadi huku nimeona tembe nyingi zilizobaki ukuta mmoja na mbuzi wawili. Hii ni nzima. Pande nne zimezunguka ua, paa ni bapa na la udongo mtupu, na mlango ni mfupi kiasi kwamba hata mimi mfupi nainama. Upande wa mashariki anaishi bibi mwenyewe. Ng'ambo ya ua, upande wa magharibi, anaishi mwanawe Yeremia na mkewe Jenifa.

Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, kuna mabati ishirini na manne mapya. Siku hizi wanunuzi wa alizeti wanakuja na malori yao hadi shambani, na Yeremia aliwauzia mavuno yote akanunua bati. Alipanga kubomoa wiki hii ili ajenge kabla ya mvua.

Nilimwomba asubiri. "Hadi Pasaka tu, Yeremia. Ukiibomoa hii, hakuna nyingine nzima kama hii."

"Mwalimu, mimi nilitaka mama alale pazuri mwaka huu," alisema. Akayatazama mabati yake, akatutazama sisi na mizigo yetu. "Lakini mmetoka mbali. Siwezi kuwarudisha hivi hivi."

Nilishukuru mpaka nikaona haya.

Jumatano, 5 Novemba

Joto. Nimepima ukuta wa kusini. Hezekia amelala chini ya mkwaju, anasema anafikiri.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo Bibi Sara ameongea. Siku zote anaitikia shikamoo yangu kwa Kiswahili, halafu ananicheka kwa Kigogo kwa sababu mimi ni Mnyaturu wa Mungaa na ulimi wangu hauwezi maneno yao. Leo alikalia kigoda chake mlangoni akapeta uwele na kusema bila kuulizwa.

Alisema kila mwaka, mvua zikikaribia, anapanda paani. Anaongeza udongo wa kichuguu, anaunyunyizia maji, anaupiga kwa ubao mpaka unakuwa mgumu. Amefanya hivyo tangu alipoolewa, na mama mkwe wake alifanya kabla yake. Mwaka huu hajapanda. Mguu unamsumbua, na halafu Yeremia alikuwa amesema nyumba inabomolewa.

"Mwaka mmoja litajishikilia," alisema. "Lina udongo mwingi kuliko mimi nilivyo na miaka."

Hezekia aliacha kuandika akanitazama, na mimi nikamtazama. Kama kila mwaka umeacha tabaka lake, basi juu ya kichwa cha bibi huyu kuna kalenda. Tukikata paa wima tutaona miaka imepangana. Mwaka wa njaa, nani angekuwa na nguvu ya kubeba udongo? Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini, nani alibaki kuupiga? Nimesoma nadharia za majengo miaka tisa na sijaona mahali mtu ameisoma historia ya watu kwenye paa la udongo. 

Nakiri jambo moja. Mimi nililala ndani ya tembe hadi nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yangu aliibomoa kwa amri mwaka huo huo wa 1974, na hakuna mtu aliyeipima. Ninapoingia kwa Bibi Sara pua yangu inajua mahali nilipo kabla ya macho.

Jumanne, 11 Novemba

Tumepata matabaka thelathini na moja!

Nilichimba mwenyewe, kwa mwiko na kisu, shimo la upana wa ungo juu ya chumba cha bibi, maana hapo ndipo paa ni nene zaidi. Nilishuka nalo hadi kwenye nyasi na fito. Upande wa shimo ulionekana kama mkate uliokatwa, tabaka jekundu, tabaka la kijivu, tabaka jekundu. Kila tabaka nililitoa peke yake nikalitia kwenye mfuko wa nailoni na kuandika namba kuanzia juu; ya chini kabisa, ya zamani, yameshikana, nimeyahesabu kama moja. Hezekia alikaa ukingoni na madaftari yake akipatanisha. Namba kumi na tisa ni nyembamba kama kucha, na juu yake kuna vumbi lenye mizizi ya majani, dalili kwamba hapakuwa na mtu kwa muda. Bibi alituambia kutoka chini uani kwamba walihamishwa, wakakaa kijijini miaka mitano, wakarudi wakakuta nyasi zimeota paani. Hezekia alipiga kelele. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa tutaanguka wote ndani.

Nilipokuwa nashuka ngazi bibi aliniuliza, "Utaziba mwenyewe?"

"Nitaziba mwenyewe, bibi."

"Haya. Hapa kwangu aliyefungua paa ndiye anayelifunga. Mkono mwingine hauingii." Alisema hivyo kwa utaratibu, kama mtu anayekuonyesha mahali pa kutundika koti.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeziba shimo. Udongo uliotoka humo karibu wote umo kwenye mifuko, kwa hiyo nilichota uani, udongo wa kawaida, makarai sita. Hezekia alinipandishia. Treni yake ya kwenda Dar na sampuli ilikuwa inakaribia, ikabidi tuharakishe. Nililowesha, nikapiga kwa ubao, nikalainisha kwa kiganja. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchimba.

Bibi Sara alitoka akapatazama kutoka chini, mkono juu ya macho. Akasema, "Haya."

Jumatatu, 17 Novemba

Hezekia amerudi. Mifuko yote thelathini na moja imefika stoo ya idara. Mtaalamu wa udongo amesema ataanza wiki ijayo.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua ya kwanza. Imenyesha tangu mchana, kubwa. Harufu yake ilinipeleka Mungaa moja kwa moja. Jenifa alicheza uani na ndoo kichwani. Redio inasema mwaka huu kuna kitu kinaitwa Elinino.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 27 Novemba

Mvua. Nimechora mkato wa paa kwa wino. Ndio mchoro bora kuliko yote niliyowahi kuchora maishani mwangu.

Jumapili, 30 Novemba

Barua ya mkuu wa idara imeletwa na mwalimu wa shule aliyetoka mjini. Wafadhili wamesimamisha mradi "kwa tathmini." Tumalize tulicho nacho turudi. Mtaalamu wa udongo naye ameacha kazi chuoni na amejiunga na kampuni ya ushauri. Hakuna wa kufungua mifuko.

Hezekia aliisoma akacheka. Kumbe naye ana barua yake mfukoni tangu alipokwenda Dar. Kampuni moja mpya inamtaka aandike historia za vijiji kwa ajili ya watu wanaotaka kuchimba madini.

"Luciana, tunachunguza nyumba za watu waliokwisha," alisema. "Hakuna anayelipia hiyo tena. Mimi nina watoto."

Nilimwambia yeye ni mtu wa bei rahisi. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu, na sasa najuta kidogo, lakini kidogo tu.

Jumanne, 2 Desemba

Hezekia ameondoka. Nimebaki kumalizia vipimo vya ndani. Mvua.

Ijumaa, 5 Desemba

Mvua.

Jumanne, 9 Desemba

Nimemkuta Yeremia amekaa juu ya mabati yake akitazama mawingu. Matofali ya udongo aliyofyatua Septemba yameyeyuka yote yakawa uji. Sasa hata akitaka kujenga hawezi.

"Ningemaliza mwezi wa kumi na moja," alisema. Halafu akaniangalia haraka, akaongeza, "Si kwa ubaya, mwalimu." Hawa watu wana adabu mpaka unatamani wakutukane.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimeingia chumbani kwa bibi kumpelekea sukari. Katikati ya chumba kulikuwa na beseni, na maji yalikuwa yakidondoka ndani yake tone kwa tone. Kitanda kilikuwa kimesogezwa ukutani.

Mimi ni mtu wa vipimo. Sikuhitaji hata kutoa futi, macho yangu yalipima yenyewe. Hatua nne kutoka mlangoni, hatua moja na kidogo kutoka ukuta wa nyuma. Nimepachora mahali hapo kwa wino, kwenye mchoro bora wa maisha yangu.

Bibi alinikaribisha, akaniuliza habari za Hezekia, akanipa uji. Hakusema neno juu ya beseni. Nami sikusema. Nilikunywa uji nikisikiliza tone likiingia majini. Njiani nikirudi nilijiambia kwamba paa zima limelowa, kwamba mvua hizi zinavunja madaraja ya zege, sembuse tembe. Nilijiambia mambo mengi mpaka nikafika.

Jumanne, 16 Desemba

Usiku kucha sikulala, na asubuhi nilikwenda na karai na mwiko. Nilitaka kuziba upya. Yeremia alinizuia kwenye ngazi. "Usipande, mwalimu, limelowa, ni zito, litakumeza." Nikamuuliza kuhusu udongo wa kichuguu. Akanionyesha bonde. Vichuguu vyote vilikuwa vimezama, ncha tu zinaonekana.

Nilijua. Hili ndilo linalonila. Baba yangu alibeba udongo wa kichuguu kila Oktoba na mimi nilimshikia kamba. Nilijua udongo wa uani haushiki maji, nilijua tangu sijaanza shule. Siku ile nilikuwa na haraka ya treni, na nilikuwa nimefurahi mno, na mtu aliyefurahi kama mimi anafanya upumbavu bila hata kusimama.

Udongo mzuri wa paa lile, wa miaka yote ile, uko Dar es Salaam kwenye mifuko yenye namba. Nimepiga simu kutoka stesheni. Karani wa idara amesema, "Hiyo mifuko ipo, dada, usiwe na wasiwasi, ni mikavu kabisa."

Jumamosi, 20 Desemba

Mvua. Reli imekatika upande wa Dodoma. Hakuna kinachopita.

Alhamisi, 25 Desemba, Krismasi

Nimesali na Waanglikana, ingawa mimi ni Mkatoliki. Wameimba vizuri kuliko sisi. Bibi Sara hakuja kanisani. Jenifa ameniambia mabeseni sasa ni matatu na bibi amekataa kuhamia upande wao.

"Anasema anamsubiri mtu," Jenifa alisema. "Sijui anamsubiri nani. Uzee tu."

Nikasema ndiyo, uzee. Nimeandika neno hilo hapa ili lisinitoke.

Jumatatu, 29 Desemba

Mvua.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Mvua. Heri ya mwaka mpya.

Jumamosi, 3 Januari

Paa la Bibi Sara limeanguka leo, saa nane mchana.

Nilikuwa upande wa magharibi na Jenifa, tunachambua maharage. Mvua ilikuwa imepungua ikawa manyunyu, kuku wakatoka. Nilisikia mti wa paa unalia. Kwanza nilidhani ni mlango. Kisha ukalia tena, mrefu, na Jenifa akatupa ungo akakimbia, na mimi nilikaa pale na maharage mkononi kwa muda ambao nitauhesabu maisha yangu yote. Halafu sauti ikaja, nzito na fupi, kama gunia linaloshushwa kutoka kwenye lori. Vumbi halikutoka. Kila kitu kilikuwa matope.

Yeremia alikuwa zizini. Alikuja akichimba kwa mikono kabla hata hajasimama vizuri. Majirani walikuja na majembe, na mtu mmoja akapiga kelele tusitumie majembe. Tukachimba kwa mikono, sote. Nilichota udongo ule, mwekundu na wa kijivu umechanganyika, hauna tabaka tena. Tulimpata karibu na ukuta, mahali alipokuwa amesogezea kitanda. Boriti mbili zilikuwa zimeegemea ukuta na kumwachia nafasi ya kupumua, lakini ya tatu ilikuwa juu ya nyonga yake. Hakulia. Alikuwa anasema kitu kwa Kigogo, polepole, na Yeremia akamjibu, "Ndiyo mama, ndiyo mama."

Walimbeba kwa kitanda hadi zahanati. Mganga alimshika nyonga, akasema apelekwe hospitali ya wilaya. Reli bado imekatika. Lori moja lilijaribu barabara likarudi likiwa na tope hadi kwenye taa. Wakamrudisha nyumbani.

Jioni kabla ya giza nilirudi peke yangu kwenye kifusi. Ndiyo kazi niliyosomea, kuliangalia jengo lililoanguka na kusema limeanzia wapi. Boriti kuu ya mti wa mkola imesimama miaka mingi kuliko umri wangu, mchwa hawakuiweza. Sehemu zote ni ngumu kama chuma isipokuwa mahali pamoja, urefu wa mkono wangu, ambapo imekuwa laini na nyeupe na inabonyea kwa kidole. Hatua nne kutoka mlangoni. Maji yamekaa hapo wiki sita.



Jumatatu, 5 Januari

Yeremia amesimamisha nguzo na kuezeka banda kwa yale mabati. Bibi amelazwa humo. Ndiyo nyumba ya bati aliyokuwa anamwahidi.

Ijumaa, 9 Januari

Leo nimemwambia.

Nilikuwa nimepanga kumwambia taratibu, nimpigie magoti pembeni ya kitanda, maneno nilikuwa nayo. Nikaingia bandani, nikamsalimu, akaitikia. Nikaanza. Na mvua ikashuka juu ya mabati.

Mtu ambaye hajakaa chini ya bati tupu katika mvua ya mwaka huu hawezi kuelewa. Sikusikia hata sauti yangu mwenyewe. Bibi aliweka kiganja nyuma ya sikio akatikisa kichwa. Nikarudia. Akatikisa tena. Tembe ilikuwa kimya mvua ikinyesha, hilo nalijua tangu utoto wangu, mtu ananong'ona na mwingine anasikia. Hapa ilibidi nipige kelele. Nilimpigia kelele mwanamke mzee aliyevunjika nyonga, "Bibi! Ni mimi! Niliziba vibaya! Niliweka udongo wa uani!"

Mvua ikakatika katikati ya maneno, kama wanavyofanya mawingu ya huku, na neno "uani" likabaki peke yake. Jenifa alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Yeremia alikuwa nje akichonga nguzo, na shoka lake likanyamaza. Majirani watatu walikuwa wamejikinga ukutani. Wote walikuwa wamesikia.

Bibi Sara alinitazama. "Najua, mwanangu," alisema. "Tangu mvua ya kwanza. Tone la kwanza lilidondoka pale pale."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Sauti yangu ilitoka ya kitoto.

"Nikuambie nini? Mtu mzima umesoma, unaingia kwangu, unaliona beseni, unakunywa uji. Nikasema atakuja kuziba, ana kazi zake. Yeremia alitaka kutandika turubai, nikamkatalia. Nikamwambia mwalimu ndiye aliyefungua, atafunga. Ukifunga wewe utamwaibisha."

Yeremia hakuinua macho. Kumbe mtu aliyekuwa anasubiriwa ni mimi. Wiki sita nimepita chini ya shimo lile na daftari langu, na mwanamke yule alilala pembeni ya beseni ili nisiaibike.

Nilitaka wanifukuze. Hakuna aliyenifukuza. Jenifa alimpa bibi uji, na baada yake akanipa mimi.

Bibi alipomaliza aliniuliza, "Ule udongo wangu uliupeleka wapi?"

"Uko Dar es Salaam, bibi. Kwenye mifuko."

"Wote?"

"Wote. Mkavu."

"Basi ulete. Yeremia akijenga, uwekwe chini ya kizingiti. Wa mama mkwe wangu umo humo, na wa yule mume wangu, yeye alinisaidia mwaka niliokuwa na mimba ya huyu." Akaonyesha Yeremia kwa kidevu. "Siutaki uende mbali."

Nikaahidi. Niliahidi kwa jina la baba yangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Jumatano, 28 Januari

Mvua imepungua. Bibi hali chakula vizuri. Anauliza treni itapita lini.

Jumanne, 10 Februari

Treni imepita. Nimeondoka. Yeremia alinisindikiza hadi stesheni amebeba mkoba wangu, nikashindwa kumzuia. Alisema, "Usichelewe, mwalimu."

Dar es Salaam, Jumanne, 17 Februari

Nimepata ruhusa ya kufungua stoo leo tu. Mlango una rangi mpya. Ndani kuna mashine tatu za fotokopi na kijana aliyevaa tai. Chuo sasa kinapaswa kujitafutia mapato, wamekodisha vyumba vyote vya chini tangu Januari.

Nilimtafuta yule karani. Aliniambia hakuna kilichopotea, vitabu vimepelekwa maktaba, ramani ziko kwa mkuu wa idara. Nikauliza mifuko ya udongo. Alifikiri, kisha uso wake ukang'aa.

"Aa, ule udongo! Mtunza bustani aliuomba. Ni mzuri, dada, hebu njoo uone maua ya getini yalivyostawi."

Alinipeleka. Yamestawi kweli. Nilipiga magoti nikachimba kwa vidole kati ya maua, nikapata mbolea ya ng'ombe, mchanga wa pwani, vipande vya chupa. Mlinzi alinitazama. Kwenye pipa la takataka nilipata mifuko miwili mitupu. Mmoja una namba kumi na tisa kwa mwandiko wangu.

Jumatatu, 2 Machi

Mkuu wa idara ameona michoro. Alisimama nayo dirishani muda mrefu. Alipoambiwa nyumba imeanguka alivuta pumzi, akasema, "Basi sisi ndio wa mwisho kuipima. Luciana, unajua maana yake?" Wafadhili wamemaliza tathmini na wamerudi. Mkutano mmoja wa ng'ambo unataka nisome makala juu ya matabaka. Wanataka hasa kwa sababu nyumba haipo.

Nimetafuta ndani yangu kama kuna furaha, nimekuta hakuna.

Ijumaa, 6 Machi

Barua ya Yeremia, imeandikwa na Jenifa, naujua mwandiko wake.

"Mwalimu, salamu. Sisi hatujambo. Mama ametutoka tarehe 19 Februari, alfajiri, kifua kilimbana. Tumemzika nyuma ya zizi. Siku zote alikuwa akiuliza kama mwalimu ameshafika na ule udongo, tukamwambia uko njiani. Sasa usihangaike, mwalimu, tutachota mwingine kwenye kichuguu bonde likikauka. Nyumba tunaanza mwezi wa sita, ukipata nafasi uje uione. Yeremia anakusalimu sana."

Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Tarehe 19 ni siku mbili baada ya mimi kuchimba kwenye maua. Aliondoka akijua udongo uko njiani.

Mezani kuna fomu ya wafadhili, inatakiwa irudi leo jioni. Jina la jengo. Mahali. Mwenye jengo. Hali ya jengo kwa sasa. Nimejaza zote kwa mwandiko mzuri. Chini kabisa kuna mstari mmoja unaouliza chanzo cha kuanguka, na wameacha nafasi ya neno moja tu.

Nimekaa na kalamu tangu saa nne asubuhi. Nimeandika: Mvua.